Bi Kikohozi na Maganda ya Korosho

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo Mungu amenikumbuka. Injinia Herman, wa kile chama cha wapenda treni za zamani, amekuja Ruvu na habari. Miaka miwili wanamtengeneza Bi Kikohozi, injini ya moshi ya shamba letu la mkonge lililokufa. Jumamosi anawashwa! Akauliza kati ya wazee nani aliwahi kumwendesha, apande apige honi ya kwanza. Nikasimama kabla hajamaliza. Mimi, Mwinyimadi, dereva!

Kazini niliandikwa mfuta injini, kweli. Lakini tambara langu lilifika pembe zote. Dereva alifika kwenye kiti tu.

Mke wangu Siwema alikuwepo. Miaka hamsini anajua nilikuwa dereva. Ile honi ya jioni, tatu fupi moja ndefu, nilimwambia nampigia yeye. Ndiyo iliyomleta kwangu. Jumamosi lazima niipige mimi. La sivyo ndoa inaanza upya, na kwa umri huu sina nguvu za kuchumbia.

Jumanne, 8 Oktoba

Herman kaniomba nimwoneshe Bi Kikohozi anatiwa maji wapi. Nikaonesha bomba la juu, lile refu. Akasema lile ni la moshi. Nikamwambia nilikuwa nampima. Amefaulu.

Kashindye Msukuma, mtani wangu, hunywesha ng'ombe wake jirani na pale. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hajapata kuona Mzaramo akimnywesha bibi puani. Nikamjibu kwamba yeye siku ya kwanza kuiona treni alitafuta chuchu aikamue. Nimeshinda.

Jumatano, 9 Oktoba

Balaa! Herman kauliza kama mchochea moto wa zamani yu hai. Nikasema nadhani alikwisha fariki. Kashindye, mbea yule, akadakia: Mwishehe wa Kibuta? Mbona juzi tu kanunua ndama kwangu!

Dereva mwenyewe ametangulia mbele ya haki, hasemi. Mwishehe anasema. Na anasema sana. Anajua kamba ya honi ilivutwa na nani kila jioni. (Yeye.)

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimempigia Mwishehe simu. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana magoti. Nikamwambia sherehe imesogezwa Jumapili. Nikakata simu, nikajipongeza kwa chai na mihogo miwili.

Baada ya adhuhuri akapiga yeye. Anasema Jumapili ana hitima ya shemeji yake, kwa hiyo atakuja Jumamosi saa tatu asubuhi, amtazame Bi Kikohozi kwa utulivu kabla watu hawajajaa. Mtu gani huyu, hata kudanganywa hajui!

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefikiri wakati wa hotuba msikitini, Mungu anisamehe. Herman anasema moto wa kuni unataka muda wa saa nne mpaka mvuke ujae. Mimi sina saa nne; honi lazima ilie kabla Mwishehe hajafika. Nataka moto wa haraka.

Nikarudi nyumbani. Siwema uani anachoma korosho zake za biashara. Ganda moja likashika moto, likaruka mpaka kwenye nyusi zangu. Hapo hapo akili ikaja! Mafuta ya ganda la korosho! Injinia gani anajua hilo? Nimejaza magunia mawili.

Siwema akasema moshi wa maganda hata nzi wanaukimbia. Nikamwambia asimfundishe dereva moto.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika kwa jicho moja. La pili halifunguki.

Herman aliwasha kuni alfajiri. Saa mbili akaniachia moto, akaenda kupokea wageni turubaini. Nikafungua mlango wa tanuru. Gunia la kwanza. La pili. Moto ukanguruma! Nikavuta kamba ya honi. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyekabwa. Kisha moshi ukateremka turubaini.

Moshi wa korosho hauna adabu. Wageni walilia kama wamekuja kuzika. Mshereheshaji alimaliza hotuba kwa chafya. Ng'ombe wa Kashindye walishika njia ya mtoni bila mchungaji. Kashindye mwenyewe akajifunika shuka, akalala katikati ya reli, akatangaza kuwa huu ni msiba wa Kizaramo, na yeye kama mtani haondoki mpaka apewe jogoo.

Akatokea Mwishehe katikati ya moshi, kaziba pua kwa kofia. Hakunisalimu. Akashika chepe, akakomba maganda yote, akapanga kuni kavu moja moja kama anatandika kitanda. Ilipokaribia saa sita, Bi Kikohozi alikuwa anakohoa kwa heshima zake. Mwishehe akachomoa tambara mfukoni, akanirushia. Akasema, shika, Mwinyi, cheo chako hicho.

Halafu akavuta kamba. Tatu fupi. Moja ndefu.

Nikatazama viatu. Siwema akaja akasimama kando yangu. Nikaanza kumweleza kwamba Mwishehe nimemkaimisha tu, kwa sababu ya jicho. Akasema, nyamaza, baba Maulida. Akasema alijua tangu mwaka ule ule wa uchumba. Honi ilikuwa inalia kila jioni, na mimi kila jioni nimesimama naye kisimani nampandishia ndoo. Dereva gani huyo, akauliza, anayepiga honi kule shambani na huku kashika ndoo yangu?

Nikajifuta uso kwa lile tambara. Macho yalikuwa yanatoka maji. Korosho zile.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeamka salama. Nimefikiri. Kosa halikuwa langu. Bi Kikohozi kazeeka, tumbo lake halistahimili chakula chenye mafuta.

Treni ya leo ni ya umeme. Inapita pale Soga kila siku, mbio, na sijasikia kama ndani yake yumo mzee hata mmoja wa kuwaelekeza. Nimeanza barua. Uzoefu: dereva, miaka hamsini. Siwema kachungulia begani, akauliza treni ya umeme niliendesha lini. Nimemwambia asubiri barua iishe.

Kesho naipeleka kwa mkono wangu. Pamoja na gunia moja la maganda, wasije wakakatikiwa na umeme njiani.