Malalamiko Juu ya Sumaku Inayokaa Ndani ya Gitaa la Kwaya

Magarama, Gitega
Jumanne asubuhi

Kwa Mzee Egidius, Mwenyekiti wa Kwaya yetu,

Shikamoo mzee wangu. Sisi wazima, Bora ameota jino na anauma kila kitu. Naandika nikiwa nimembeba mgongoni, kwa hiyo ukiona herufi zinayumba ujue ni yeye.

Jana ulifika kwetu, ukatuambia kwa upole kwamba kwenye sherehe ya amani kule Muyinga gitaa atapiga Fredi, mpwa wako, si mume wangu Kasiano, kwa sababu Jumapili uzi mmoja ulikuwa bubu. Halafu mvua ikakushika, ukaacha baiskeli yako ukutani kwetu, ukarudi na gari la jirani. Kasiano hakula. Yeye si mtu wa kusema, basi nasema mimi. Mwenye kosa si yeye, ni sumaku. Naishitaki hivi:

1. Sumaku ina ubaguzi. Uzi ule mwembamba kuliko zote ulipokatika, nilimpa Kasiano mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, kama tulivyofanya kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Kule gitaa lilikuwa sanduku la mbao, tumbo tupu, uzi wowote ukitikisika linalia. Hili la umeme limejaa mbao mpaka tumboni. Kasiano amenifungulia nikaona: chini ya nyuzi kuna sumaku, imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele wa Bora, mizunguko mpaka macho yanachoka. Uzi wa chuma ukitikisika hapo juu, nguvu ya sumaku inayumba, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya, unakimbia hadi kwenye ampli ya kukuza sauti, ndipo watu wanasema haleluya. Mshipi ukitikisika, sumaku inaangalia pembeni. Nimeinama nikaiimbia mwenyewe, wimbo mzima. Wapi! Na Letisia wa sauti ya kwanza amecheka mbele ya watu: "Hawa waliorudi bwana! Sasa huyo atavua samaki gani huku milimani?"

2. Isipoitwa, inasikia. Jirani yetu Zihalirwa, yule Mkongomani muuza vitenge, akiwasha tu taa yake ya neoni dukani, gitaa linaanza nguuu, kama nyuki kwenye mzinga. Kasiano anaweka kiganja juu ya nyuzi, linanyamaza. Mzee, mimi nikinung'unika naambiwa "subiri kidogo, mama Bora." Kiganja cha kunituliza sijakiona.

3. Kuna kitufe cha kuzungusha, cha kulainisha sauti. Nilidhani kinaongeza utamu. Kumbe kinapunguza! Ndani yake kuna kidude kidogo kama punje ya harage, kinaichukua sauti ile kali, nyembamba, kinaimwaga kwenye waya wanaouita wa ardhi, inabaki ile nene. Sisi tuliorudi tunangoja kupewa ardhi tangu Bora hajazaliwa. Sauti inapewa yake kwa kuzungusha kidole tu, bila hata shahidi.

4. Kwa hayo naiomba kamati ya kwaya iiamuru sumaku isikie nailoni. Ikikaidi, nyuzi zote za gitaa ziwe za nailoni, ziwe bubu sawasawa, tupate haki. Ikishindikana hiyo nayo, basi Muyinga twende bila sumaku yoyote. Kasiano anasema hata spika ya ampli ina sumaku ndani, nayo ikamatwe. Fredi akitaka apige hewa, tutampigia makofi.

Mzee, Kasiano amefanya mazoezi ya nyimbo za Muyinga mpaka mtoto anazijua. Usimwache nyuma kwa kosa la kitu kisicho na masikio.

Nisalimie mama Theodosia, wajukuu, na sauti zote nne. Letisia pia, ila yeye kidogo.

Ni mimi binti yako katika kuimba,
Christina, mama Bora

N.B. Mzee, nilikuwa sijaifunga barua hii, Kasiano akatoka nje, akarudi na kebo ya breki, akachomoa humo waya mmoja wa chuma, akaufunga mahali pa mshipi. Umelia, mzee! Umelia mpaka Zihalirwa ameacha wateja kaja kuchungulia! Nyuzi tano tulirudi nazo kutoka kambini Kigoma, wa sita umetoka kwa mtu aliyebaki hapa miaka yote bila kuvuka mpaka, na zinaimba pamoja. Sumaku haikuuliza nani katoka wapi. Basi futa lalamiko namba moja, na la tatu, na la nne. Namba mbili libaki, bado nalifuatilia. Tunaomba uje usikie kama ilivyosikia sumaku yenyewe, ndipo useme nani anapiga Muyinga. Baiskeli yako iko palepale ukutani. Ila ukiichukua, mteremko wa kwetu shuka kwa miguu.