Maandishi Yaliyokimbia Kabla Sijayasoma

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kazi ya kunipandisha cheo. Au ya kunimaliza. Bado sijaelewa. Mkurugenzi ameniita ofisini kwake, akanitumia kwenye simu video ya dakika moja aliyotengeneza Mpole, mchoraji wetu, kuhusu gesi inayovuja jikoni. Ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Ni maandishi tu yanayotembea, na sauti ya msomaji.

Anataka tathmini: je, maandishi kutembea kunamsaidia mtazamaji, au kunamsumbua? Ripoti Ijumaa, mbele ya ofisi nzima. Akaongeza, huku akifuta miwani, kwamba siku hiyo hiyo atamtangaza mkuu wa kitengo cha video. Wanaofikiriwa ni wawili, mimi na Mpole. Nikamwambia tathmini za namna hii nimefanya nyingi. Sijafanya hata moja!

Jioni nimejiandaa kwa cheo. Masomo kumi na manne ya uongozi kwenye simu, yote kwa mwendo wa mara mbili. Nataka kuwa kiongozi mapema.

Jumanne, 4 Machi

Nimeitazama video mara kumi na mbili. Kizunguzungu! Neno FUNGA linajizungusha kama limepandwa na wazimu. USIWASHE linatikisika kushoto kulia. MADIRISHA linapasuka katikati, nusu huku, nusu kule. Halafu TOKA linatoka mbio nje ya kioo kabla sijafika kwenye herufi K. Msomaji naye anaongea kama kifaranga.

Nimeduwaa. Mpole ni mtu wa kukunja vizuri hata karatasi anayokwenda kuitupa. Fujo hii ameitoa wapi? Lakini roho yangu kwatu. Akiharibu yeye, nakaa mimi.

Tatizo ni moja. Sijui tathmini inapima nini. Nimechora jedwali. Safu ya kwanza, idadi ya herufi. Ya pili, herufi zilizoruka. Ya tatu nimeiacha tupu ili ionekane ya kitaalamu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mtazamaji asiye na upande: mama mkwe. Alikuja kutusalimia kwa mwezi mmoja, na huu ni wa nne. Hajui kusoma, kwa hiyo hawezi kunidanganya kwamba amesoma.

Ameitazama mara tatu, simu kaishika mbali kama inanuka. Akaniuliza hao wanakimbizwa na nani. Nimeandika: mtazamaji ameingiwa na hofu. Akaomba kuiona tena. Nimeandika: mtazamaji hakuelewa.

Mke wangu akapita na ndoo ya nguo, akasema mbona inakwenda haraka hivyo, hebu niikague simu. Nikamwambia mambo ya kitaalamu atuachie wenyewe. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, kuona kama nina homa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwenye meza ya Mpole kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamsifia rangi. Kisha nikamuuliza, kama ndugu, kwa nini maneno yake yana haraka. Akashangaa. Akasema ameyapunguza mwendo mara tatu, na kila neno linafanya kile linachosema, ili hata mtoto afuate. Anaongopa bila kupepesa macho! Au mimi ndiye nisiyeona? Nimerudi kwenye kiti changu kichwa kikizunguka kuliko FUNGA.

Mchana nimetengeneza video yangu ya kuonyesha mfano bora. Maneno mia tatu na kumi, hakuna linalosogea. Dakika nne. Nikasinzia nikiikagua, ishara ya utulivu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Nilisimama mbele ya watu wote nikasoma kurasa sita: herufi zinakimbia, msomaji analia kama kifaranga, mtazamaji mzee ameingiwa na hofu. Mkurugenzi akawasha video kwenye kioo kikubwa. Maneno yakaja taratibu. FUNGA likazunguka kama mkono unaofunga mtungi wa gesi. TOKA likaondoka kwa heshima zake. Kila mtu akasoma kwa sauti, hadi mlinzi aliyekuwa mlangoni. Nilipigwa na butwaa!

Mkurugenzi akaomba simu yangu. Akaitazama. Akaniuliza kwa upole tangu lini natazama kila kitu kwa mwendo wa mara mbili. Masomo ya uongozi! Sikuwa nimeurudisha. Ofisi nzima ilicheka, na mlinzi akacheka zaidi. Mpole peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha akatangazwa kuwa mkuu wa kitengo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilibandika chai, nikaenda sebuleni kuandika barua ya malalamiko. Barua ikanoga, chai nikaisahau. Ikachemka, ikamwagika, ikazima moto. Niliporudi jikoni nilisikia harufu, lakini mawazo yalikuwa kwenye barua. Nikachukua kiberiti niwashe tena.

Mama mkwe alitokea nyuma yangu akanipiga mkono, kiberiti kikaruka. Akafunga mtungi. Akafungua madirisha yote mawili. Kisha akanishika shati, akapita chumbani akambeba mtoto wetu mdogo, akamwita mke wangu, akatutoa wote nje hadi uani. Mke wangu alilia akiwa amemkumbatia mama yake.

Tulimuuliza alijuaje. Akasema, si ile video? Kusoma hakusoma hata neno moja, ila aliona: la kwanza lilijizungusha, la pili likakataa kwa kichwa, la tatu likafunguka, la mwisho likatoka mbio. Mke wangu akaniambia nimpigie Mpole simu sasa hivi, nimshukuru.

Nimekaa uani nikafikiri sana. Mama mkwe ameitazama video ile mara nne, na amekiri mbele ya mashahidi kwamba hakusoma hata neno moja. Huu ndio ushahidi niliokuwa nautafuta! Jumatatu asubuhi nampelekea Mkurugenzi nyongeza ya ripoti: maandishi yale hayasomeki.