Kanzu Iliyorefuka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kanzu yangu imerefuka. Ndiyo, imerefuka! Siku ya Idi iliburuza njia nzima hadi msikitini, na Hasheem, mbele za watu, akanishukuru kwa kufagia. Hasheem huyohuyo, fundi cherehani mwenzangu hapa Tukuyu na mshindani wangu wa miaka yote. Sasa mwanawe Naseeb anamuoa binti yangu Nahla. Harusi Jumamosi. Tutasimama bega kwa bega kupigwa picha. Siku zote mimi ndiye mrefu. Kidogo tu, lakini mrefu.

Kanzu niliikata mwenyewe. Nguo hunywea ikifuliwa, haijapata kurefuka. Kuna mkono wa mtu hapa.

Jumanne, 10 Juni

Nimekagua upindo. Mishono ni yangu. Hapo ndipo nilipoogopa! Mimi na Hasheem tulifundishwa na fundi mmoja. Nani mwingine angeweza kuiga mkono wangu?

Nikasimama kwenye mlango wa duka, penye alama ya zamani ya kimo changu. Niko chini yake vidole vitatu. Nikamwita Erasto, seremala aliyeuweka mlango, nikamuuliza nani kamlipa aupandishe. Akaniuliza kwa upole kama nimeshakunywa chai. Upole wa namna ile haupatikani bure.

Mke wangu Saada anasema mgongo unaniuma tangu masika, niende hospitali. Amejuaje? Sijamwambia mtu! Eti nikiinua pasi ya mkaa naguna. Anasikiliza sana huyu mwanamke.

Jumatano, 11 Juni

Daktari Tulinagwe ametazama picha ya mgongo wangu. Anasema mifupa imepungukiwa madini, pingili zimeanza kubonyea, ndiyo maana nafupika. Mimi! Eti kanzu ni ileile.

Akauliza nakula nini. Maziwa? Yananijaza tumbo. Mboga za majani? Hizo za mbuzi. Usipa? Naupenda, ila natoa vichwa na miiba. Akashika kichwa. Madini ninayoyahitaji ndiyo hayo ninayomtupia paka. Niule mzimamzima, na niote jua asubuhi. Jua! Tukuyu, mwezi wa sita! Nikamwambia akiliona aniite.

Akanionya nisinyanyue mzigo wowote mzito. Pingili itavunjika, na harusi ya mwanangu nitaisikilizia kitandani.

Nilikaribia kumwamini. Bahati nikaiona kola ya koti lake jeupe. Mshono wa Hasheem!

Alhamisi, 12 Juni

Nimemfuma Hasheem sokoni akinunua usipa. Mfuko mzima! Mtu asiyegusa samaki wakavu tangu nimjue. Aliponiona akauficha nyuma. Kumbe! Anajenga mifupa. Anataka arefuke kabla ya Jumamosi, na siri kaipata kwa yule daktari wake.

Nimekata mzizi wa fitina. Usipa wote uliobaki kwa mama Tusekile, muuza samaki, nimeuchukua, gunia zima lililotoka Kyela, Hasheem asipate tena hata mmoja. Badala ya pesa, mimi nitamshonea sare za kwaya yao. Akasema ndaga fijo, ndaga fijo, akanishukuru mpaka nikashuku hiyo kwaya ina watu wangapi.

Akataka kuniitia mkokoteni. Ili Hasheem ajue mzigo unakokwenda? Thubutu! Kesho alfajiri nitalibeba gunia mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa chali. Nilipofika mlangoni mwa duka, kitu kililia ka! mgongoni. Nikaanguka mimi, likaanguka na gunia, juu ya gauni la harusi la Nahla nililokuwa nimelitandaza hapo. Sasa gauni linanuka Ziwa Nyasa lote.

Nahla amelia. Nikamwambia asijali, Saada atalifua kwa ndimu. Akasema hamlilii gauni, ananililia mimi. Alitaka babake amuozeshe akiwa amesimama.

Hilo limeniuma kuliko mgongo. Nimegeukia ukutani nisionekane.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeozesha nikiwa kitini, mto mgongoni, nimejikunja mpaka kadhi aliinama kunisikia.

Hasheem alikuja mapema na ule mfuko. Usipa umesagwa unga, vichwa, miiba na vyote, wa kutia kwenye uji nisihisi. Saada ndiye aliyemtuma. Akanishika mkono, akasema, Alawi ndugu yangu, kula, tuzeeke pamoja. Machozi yalimlenga. Na mimi pia, nakiri.

Ilipofika picha, watu wote walisimama. Hasheem akakataa. Akaketi mkekani, miguuni pangu, ili mimi niwe juu. Nahla akaja akanibusu kichwani. Watu wakasema mashaallah, huo ndio ukwe.

Jumapili, 15 Juni

Sikupata usingizi. Mtu mzima, fundi, mwenye kanzu mpya, aache kusimama akae mkekani? Kwa wema tu? Nimeitazama ile picha kwenye simu ya Saada asubuhi nzima. Tazama magoti yake yanavyofika mbali! Ameshaanza kurefuka. Kaketi tusimgundue!

Na kama unga wenyewe ni mzuri hivyo, kwa nini animegee mimi?

Saada ameniletea uji, akasimama mlangoni mpaka nikachota kijiko cha kwanza. Alipotoka tu nimemmiminia paka. Nilimpima kwanza kwa futi, pua hadi mkia. Jioni nitampima tena.