Suti ya London Yenye Mkanda wa Magoti

Jumapili, 3 Agosti
Dada Stellamaris kapiga simu kutoka Kisarawe. Binti yake Ursula anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga, Jumamosi hii huko kwao, harusi Jumamosi inayofuata hapa Kibaha. Nikaomba niwe MC wa harusi. Mjomba mtu! Akasema MC ni Hashiru, kama kawaida. Nikang'ang'ana. Akakubali shingo upande: kwenye sendofu nitawatambulisha wajomba, na nikifanya vizuri kamati itanifikiria kwa harusi. Hashiru ana suti nyeupe na sauti ya redio. Sauti hata mimi ninayo. Imebaki suti.

Jumatatu, 4 Agosti
Mlandizi wamefungua belo la mitumba. Nimepata! Koti na suruali, nyekundu ya mirabamiraba, lebo ya London. Zipu kila mahali, hata nyuma ya mapaja. Magoti yamechanika. Mikono ya koti inapita vidole. Pini zimechomekwa kifuani. Na kuna mkanda unaounganisha goti la kushoto na la kulia. Muuzaji alikuwa ameiweka kwenye fungu la matambara ya gereji, mjinga yule. Nimesoma kwenye simu: mtindo huu walioubuni ni Waingereza wawili waliogeuza mavazi ya dunia nzima, na nguo zao siku hizi zinatunzwa makumbusho. Makumbusho! Hashiru kwisha habari yake.

Marselina, mke wangu, ameitazama muda mrefu. Akauliza mwenye suti alipona au alifia humo.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Nimerudi kutoka kazini Zegereni, suti haipo. Marselina kaipeleka kwa fundi Mfaume ipunguzwe, kama tunavyofanya mitumba yote. Nimekimbia na ndala. Nimechelewa. Mfaume kanikabidhi huku anatabasamu. Mikono kaifupisha. Magoti katia viraka, tena vizuri, uzi hauonekani. Zipu za mapaja kazishona, eti zilikuwa zinaingiza upepo. Mkanda kaukata kautupa, maana eti fundi wa huko London alipitiwa akaunganisha miguu. Pini kanifungia kwenye kipande cha gazeti, ni mtu mwaminifu. Akaongeza kwamba ushonaji wa Ulaya siku hizi umeshuka sana. Nilitaka kulia. Nikasema asante.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeirudisha kwenye hali yake ya kibunifu. Kwa wembe. Viraka vimetoka, na sehemu kubwa ya goti imetoka navyo. Mkanda nimeukata kwenye begi kuukuu, nikaushona mwenyewe kwa uzi wa magunia. Mikono nimeirefusha kwa vitambaa na pini. Marselina kauliza kama naenda kwenye sendofu au naenda kuokota makopo. Simlaumu. Hajasoma nilichosoma mimi.

Jumamosi, 9 Agosti
Kisarawe. Bodaboda sikuweza kupanda kiume kwa sababu ya mkanda. Nimekaa upande hadi ukumbini, nimemkumbatia dereva. Hilo tuliache.

Ikafika zamu ya wajomba kuingia na zawadi. Muziki ukapigwa. Wenzangu wakaingia kwa kucheza, mimi nikaingia kwa kuruka. Vijana wakapiga vigelegele, wakaanza kuruka nyuma yangu. Hashiru katoa macho! Nikajua harusi ni yangu. Nikaongeza mruko. Mkanda haukuongezeka. Nikaenda chini kifudifudi na beseni la vyombo.

Bibi mmoja wa upande wa mume akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni, akaniambia pole mwanangu. Hashiru akashika maiki, sauti ya chini kabisa. Akasema tunapofurahi tusiwasahau ambao mwaka umewaendea vibaya, na kwamba mjomba huyu katoa kila alichonacho kwa ajili ya Ursula, hata nguo ya mwilini. Sahani ikazungushwa. Kwa ajili yangu! Kwenye sendofu ya mpwa wangu! Dada Stellamaris analia, Marselina kainamisha kichwa. Niliona aibu ya kufa. Nikajaribu kueleza habari za makumbusho, ila maiki sikupewa.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani nimepewa mikono mingi kuliko padri. Marselina hasemi na mimi. Nimeligundua kosa: watu walikaa mbali, lebo hawakuiona.

Jumatano, 13 Agosti
Jumuiya yetu ya kanisani imekuja nyumbani jioni. Wamesali. Wameacha mchele, sabuni na mfuko wa nguo. Mwenyekiti, mama Evaline, kaniombea kwa Mungu nipate kazi. Kazi ninayo. Nikaitikia amina.

Ndani ya mfuko, suti nyeusi. Safi, imepigwa pasi. Imetoka kwa Hashiru. Kabla sijakasirika, simu ya dada: Hashiru kabanwa na shughuli nyingine Mlandizi Jumamosi, na kamati ilipouliza nani ashike nafasi yake, yeye mwenyewe kanitaja. Nimekuwa MC wa harusi! Sharti moja tu, nivae suti hiyo. Ursula akachukua simu, akasema mjomba nakuomba sana, siku yangu ni moja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nimeijaribu. Imenikaa utadhani nilipimwa. Marselina kacheka, mara ya kwanza tangu Kisarawe, akasema nimependeza kama siku niliyokwenda kwao kujitambulisha. Nimefurahi, siwezi kuficha.

Ijumaa, 15 Agosti
Suti nzuri. Ina kasoro moja, ni ya kawaida. MC yeyote anayo. Kesho ukumbi mzima utanitazama mimi, na wale Waingereza hawakufika makumbusho kwa kushona vya kawaida. Ursula atanishukuru akiona picha. Marselina yuko saluni mpaka jioni. Wembe ninao. Pini ninazo.

Yaliyotokea Kisarawe nimeyatafakari kwa kina. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Safari hii mkanda nimeuacha mrefu kidogo.