Nyaya Nne za Pikapu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Fundi kaja kuisikiliza pikapu inavyokohoa. Kasema ni plagi chafu tu, atarudi kesho kuzisafisha. Chafu tu! Na kwa nini kesho, si leo? Nawajua hawa. Unampa injini nzima, anakurudishia boneti.

Alipoondoka tu, nimechomoa nyaya zote nne za plagi, nikaziandika namba kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Akinibadilishia hata mmoja, nimemkamata! Nimezichomeka tena pale zinapopokelea moto, kwa mpangilio: moja, mbili, tatu, nne. Kazi safi. Hakuna aliyeniona.

Pikapu hii lazima iwake Jumamosi. Mama mkwe anahamia kwetu, nami nimeapa kumfuata mwenyewe, yeye na kabati lake. Tangu harusi yetu ananiita Bwana Maneno. Safari hii atasikia honi mlangoni kwake.

Jumanne, 4 Machi
Haiwaki! Jana ilikohoa, leo imepiga mshindo mmoja kwa nyuma, jirani kaangusha ndoo, basi. Fundi naye katuma ujumbe hatafika, anaumwa jino. Jino! Jana alikuwa anacheka meno yote nje.

Jioni shemeji, kaka wa mke wangu, kapita na gari lake la kusambazia mikate. Kanisalimia vizuri mno. Kaulizia hali ya pikapu kabla ya hali yangu. Mke wangu kasema ikishindikana, kaka yake atamleta mama. Ahaa! Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 5 Machi
Mtego. Nimemwaga unga kuizunguka pikapu, nikaaga kwa sauti kwamba naenda sokoni, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Kimya. Jua likanichoma utosi. Nimetoka mara kadhaa kuhakikisha unga haujapeperuka.

Mchana nimekagua. Nyayo! Tele! Za ndala, na ya kulia imelika kisigino kama yangu. Kwa hiyo mhalifu anavaa ndala zangu. Ujanja wa hali ya juu. Nimemhoji mke wangu ni nani huziazima. Yeye kaniuliza unga wake uko wapi. Nimebadili mazungumzo.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaja bila kuitwa. Kafungua boneti, kacheka. Anadai nyaya zimechomekwa ovyo, eti injini hii moto wake huenda moja, tatu, nne, mbili. Kazipanga hivyo. Ikawaka papo hapo! Mke wangu kapiga makofi. Kisha kaziangalia zile namba, kaangalia kucha zake, kaniangalia mimi. Nikasingizia kikohozi.

Ushahidi umekamilika. Angeipataje kasoro haraka hivyo kama si yeye aliyeiweka? Na moja, tatu, nne, mbili! Nani duniani anahesabu hivyo kama hana nia mbaya?

Ijumaa, 7 Machi
Nimetafakari. Pikapu inawaka vizuri kupita kiasi. Itatuzimikia njiani kesho, naye atokee nyuma na mikate yake, aonekane mwokozi. Hanipati! Nimezirudisha nyaya kwa hesabu ya watu waaminifu. Sijaijaribu, nisije nikamshtua.

Jumamosi, 8 Machi
Haiwaki. Nimepiga starta mpaka betri ikafa.

Mama mkwe kaletwa na gari la mikate, kakaa mbele, kabati limefungwa juu. Nimejificha jikoni. Niseme kweli, imeniuma. Nilitaka nimfungulie mlango wa gari kwa mkono wangu mwenyewe.

Kanifuata huko huko jikoni. Kasema binti yake kamweleza nilivyohangaika juani wiki nzima kwa ajili yake. Gari si kitu, kasema, nia yangu ameiona. Kanishika bega, kaniita mwanangu. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza! Machozi yakanilengalenga. Nikamvutia kigoda akae, mimi niliyekuwa Bwana Maneno.

Sasa nimekaa, nimetulia, akili zimenirudi. Amejuaje kuwa hilo ndilo neno nililokuwa nalitamani? Kuna mtu kamwambia. Na mbona kalitamka kwa upole vile? Masanduku yake yako sebuleni, bado yamefungwa. Kesho yeye na mke wangu wakitoka, nayakagua moja baada ya jingine. Mtu hawi mwema hivyo bure.