Mtaje Mwizi wa Ng'ombe, Nipate Kuoa

Kwa Bwana Théoneste Cyiza,
Mtunzi wa riwaya ya upelelezi "Zizi Lililofungwa",
Gisenyi, Rubavu

Mheshimiwa Mtunzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa barazani kwako ukitazama ziwa, chai ipo mezani. Mimi pia ni mzima, ila sijaoa, na kosa ni lako. Naomba unisikilize kwa utulivu, kwani nami nimejitahidi sana kuwa mtulivu. Rasimu ya kwanza niliichana.

Naitwa Gentil Hakizimana. Nilizaliwa Tanzania, wazazi wangu wakarudi huku nikiwa mdogo, na sasa ni karani katika ofisi moja hapa mjini. Mchumba wangu anaitwa Belise. Malalamiko yangu ni haya:

1. Riwaya yako haina mwizi. Ng'ombe anatoweka kwenye zizi huko Bugeshi. Mlango umefungwa kwa ndani, tope limezunguka zizi lote, na halina alama hata ya ukwato mmoja. Hapo nilikusifu kwa sauti. Kisha anakuja mpelelezi wako, Mama Verediane, mwalimu mstaafu wa falsafa, na badala ya kumkamata mtu anakunywa chai na kuwauliza majirani nini maana ya "kuona". Mwishoni anafunga mkoba wake na kusema: "Swali si nani aliyemwiba ng'ombe. Swali ni kama tuliwahi kuwa naye." Halafu anapanda gari, anarudi zake Nyundo! Mtu ameacha chakula kipoe kwa ajili ya kitabu chako, na wewe unamrudisha mpelelezi nyumbani.

2. Hilo ningekusamehe. Lakini kitabu kilimfikia Mzee Karenzi, baba mkubwa wa Belise, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Goma, ambaye maishani mwake hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Siku ya posa yetu yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia ya binti. Desturi unaijua. Wao wanakana kwamba wana binti wa jina hilo, sisi tunabembeleza, tunamtaja ng'ombe wa mahari, nao wanatuma watu wawili nyuma ya hema la sherehe wakamwangalie. Nyuma ya hema hakuna ng'ombe, na kila mtu anajua. Wale wawili wanakunywa bia mojamoja, wanarudi na kuapa kwamba wamemwona, ana pembe ndefu na ngozi inang'aa. Watu wanapiga makofi, binti anatoka.

Safari hii Mzee Karenzi alikwenda mwenyewe. Aliporudi alisimama mbele ya wageni wote akasema: "Bon. Mi naona voiture tatu, magari tu, na mutu moja iko analala. Ngombe iko wapi?" Nikacheka, nikidhani ni utani wa sherehe. Akachomoa kitabu chako kwenye koti, akatusomea ukurasa wa mwisho, polepole, kama anasoma Injili. Fanta zikapata moto mezani. Belise hakutoka. Nilirudi nyumbani nikiwa bado nimejifunga umushanana, vazi letu la sherehe, nikalia mbele ya mama yangu, na sioni aibu kukuambia.

3. Ugonjwa umeenea. Mzee amekiazimisha kitabu mtaa mzima. Mama mmoja muuza nyanya, aliposimamishwa mpakani, tunapovukia Goma, kwa sababu ya kikapu chake, alimuuliza askari kama ana hakika anakiona. Jirani yetu Nyirasafari haamini tena kwamba kuku wake alikufa, na kila jioni anammwagia mahindi.

4. Sasa tuifuate hoja yako hadi inakokwenda. Ikiwa ng'ombe asiyeonekana si ng'ombe, basi nusu ya ndoa za Gisenyi zimevunjika. Mzee Karenzi mwenyewe alioa kwa ng'ombe aliyesemekana kukwama upande wa Goma akingoja karatasi. Anangoja mpaka leo. Kwa hiyo mzee ni kapera mwenye watoto sita. Mdogo wake, baba yake Belise, naye alioa kwa ng'ombe wa nyuma ya hema, kwa hiyo Belise hajazaliwa, nami muda wote huu nimekuwa nikimnunulia sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, binti ambaye hayupo. Je, Mheshimiwa, ulikusudia haya ulipokuwa unaandika?

Ng'ombe wangu, kwa taarifa yako, yupo. Yupo Bugeshi kwa mjomba wangu Wenceslas, anakula majani chini ya volkano, jina lake Gaju. Haonekani kwa sababu kule kuna ukungu. Ukungu si falsafa, ni hali ya hewa.

5. Ombi langu ni dogo. Ongeza ukurasa mmoja, umtaje mwizi. Akiwepo mwizi, basi ng'ombe alikuwepo, maana hakuna anayeiba kisichokuwepo. Akiwepo ng'ombe mmoja asiyeonekana, na wa pili anawezekana, na wa pili ni wangu. Mzee Karenzi atakuwa hana la kusema. Kama unaogopa kumchafulia mtu jina, andika langu: Gentil Hakizimana, karani, alimbeba ng'ombe mgongoni akaruka naye ua, ndiyo maana mlango haukufunguliwa na kwato hazikuonekana. Nitaoa nikiitwa mwizi. Nimeshalifikiria, na mama amekubali.

Wasalimie wote nyumbani, mama watoto na watoto wenyewe, na msalimie pia Mama Verediane, kama yupo.

Wako katika uchumba usiokwisha,
Gentil Hakizimana

N.B. Belise ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alicheka alipofika kwenye ombi langu, kisha akaniambia kwamba kitabu chako alikinunua yeye, na yeye ndiye aliyempa Mzee Karenzi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema dada yake Mutesi aliolewa kwa ng'ombe wa nyuma ya hema, na mume naye akawa wa nyuma ya hema: "Leo iko Goma, kesho iko Kigali, kila siku maneno tu. Mi nilitaka mutu moja aulize. Nione we utaleta nini." Basi, Bwana Mtunzi, usiongeze ukurasa wowote. Namalizia haya ndani ya gari la Bugeshi, Belise ameketi kando yangu na kamba mpya ya ng'ombe mapajani. Mjomba Wenceslas hapokei simu. Naogopa sana, maana ng'ombe huyo hata mimi sijawahi kumwona.