Habari za Thurman Pickett na Roketi ya Verlene

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye shughuli waziweke chini, maana nasimulia vita visivyomwaga damu ila jasho, vilivyopiganwa kando ya Mto Indian mjini Titusville, Florida, mkabala na kituo cha kurushia roketi. Na jemadari wake alikuwa Thurman Pickett, Fahali wa Majigambo, mwenye kamera iwezayo kuhesabu manyoya ya mwari angani, ambaye kwa miaka ishirini alizivizia roketi kumi na tisa asiipate hata moja nzima. Moja ilimpita akibadilisha betri. Nyingine ilimpita akiwafundisha watalii namna ya kuipiga picha.

Lakini ya ishirini haikuwa ya mchezo. Mablanketi yake ya kukinga joto aliyashona mkewe Verlene kwa mkono, majuma tisa, na ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Siku ya kurushwa angekuwa zamu, ndani ya jengo lisilo na dirisha.

"Thurman," alimwambia asubuhi ile akivaa viatu, "mimi sijakuomba kitu tangu mwaka tulioezeka paa. Nipigie hii moja tu. Nataka niione ikipanda, nimekaa kwenye kochi langu, kwenye televisheni kubwa. Usiniletee hadithi."

"Ewe Verlene, sindano ya mataifa! Jua na lizime, mto na ukauke, nitakuletea roketi yako nzima, kuanzia mkia hadi pua!"

"Haya. Kuku wako yuko mezani," alisema Verlene, akaenda kazini.

Basi jemadari akala kuku wake wa kukaanga, akajifuta mikono kwenye shati, akaenda zake mtoni. Akasimika miguu mitatu ya kamera mbele ya safu ya viti vya kukunja. Kamera yenyewe aliiacha garini, kiyoyozi kikivuma, imefunikwa taulo kama mfalme mwenye homa.

Jirani yake Ardith, mjane wa miaka sabini na mitatu, alikuwa kitini akimenya karanga za kuchemsha kwa kucha zake za rangi ya zambarau, kasha la barafu miguuni, simu yake kuukuu mapajani.

"Wewe mzee, si uitoe hiyo kamera ikazoee joto? Ukiitoa ya baridi hivyo itatoka jasho."

"Mama Ardith, mwenye simu iliyopasuka! Chombo hiki ni cha ukoo wa kifalme, kisichoanikwa juani kama kambare! Kitatoka kwa saa yake, nacho kitatoka kwa heshima!"

"Haya, mjuaji ni wewe. Sisi yetu macho."

Zilipobaki dakika nne, kamera ikatolewa kwa heshima, na hapo hapo jicho lake likaingia ukungu. Adui hakuwa na upanga wala farasi. Alikuwa unyevu wa Florida, ambao hata mtoto wa chekechea wa mji ule anaujua. Thurman akafuta kwa kitambaa, ukungu ukarudi. Akafuta kwa shati, na mafuta ya kuku yakajiunga na vita. Mwishowe, kwa ushujaa usiomithilika, akampuliza adui kwa kinywa chake, yaani akamwongezea jeshi.

"Tatu! Mbili! Moja!" watu wakapiga kelele.

Roketi ikapanda. Kwenye kioo cha kamera ilikuwa uji wa ulezi wenye taa ndani. Dakika moja baadaye ngurumo yake ikavuka mto, ikatikisa viti na kifua cha jemadari, na hotuba zote zikamwisha.

"Nimekwisha, Ardith," alisema taratibu. "Nilimwahidi."

Uso wake ulisawijika kweli, hata mimi nisiyempenda nilimhurumia kidogo.

"Mimi nimeipata," alisema Ardith. "Mkono umetetemeka, lakini yote imo."

"Nitumie! Nitumie sasa hivi!"

"Hii haitumi kitu tangu ilipoanguka majini. Inaonyesha tu."

Kufikia hapo kamera kuu ilikuwa imepata joto, na jicho lake limetakata, robo saa baada ya kuhitajika. Thurman akaitazama simu, akaitazama kamera.

"Ishike hapo juu ya kasha la barafu," alisema. "Usitikisike. Icheze." Akaielekeza kamera kwenye kioo cha simu, akarekodi.

Jioni Verlene alikaa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kwenye televisheni kubwa roketi ikapanda ukuta mzima, ikitetemeka.

"Pale kiunoni, Thurman! Yale meupe! Ni yangu yale," akasema, na machozi yakamtoka asiyafiche. Akataka irudiwe. Mara ya tatu akainama mbele.

"Thurman."

"Naam, mke wangu."

"Hiki kidole gumba chenye kucha ya zambarau, kikubwa kuliko roketi, ni cha nani?"

Fahali wa Majigambo akainama kuongeza maji ya moto kwenye beseni.

"Kesho nampikia Ardith keki," alisema Verlene. "Wewe utaibeba. Haya, rudisha tena."

Na iandikwe basi, vizazi vya Titusville visije vikapotea: Thurman Pickett, katika roketi ya ishirini, alitimiza neno lake, nzima, kuanzia mkia hadi pua, na kidole juu yake. Keki ilikuwa ya limau. Aliibeba kwa mikono miwili kupita nyumba tatu, wala hakuiangusha.